Mkasi Ndani ya Damu

Zamani kitabu kikichanika kilipelekwa kwa fundi kikashonwa. Siku hizi kinafungiwa maandazi. Mzee mjalidi vitabu aliacha shule darasa la nne, mengine yote akayasoma katika vitabu vya watu alivyokuwa akivishona. Sasa gundi ilikuwa imekauka koponi, na ulimi wake ulibaki mkali kuliko kisu chake cha karatasi.

Mjukuu wake wa miezi mitano hakukaukiwa na maradhi: leo kikohozi, kesho homa, keshokutwa vidonda vya mdomo. Siku moja, sebule imejaa majirani, mzee alimgeukia mke wa mwanawe.

"Kwetu ugonjwa huu hatuujui. Umekuja na masanduku ya bibi harusi."

Tangu siku hiyo mkwewe hakumsalimu.

Vipimo vya damu vya familia nzima vilipotoka, daktari alimweka mzee kitako.

"Kuna jeni moja, mzee. Wataalamu wanaamini asili yake ni kipande kizururaji cha maandishi ya urithi, kilichojikata na kujibandika popote. Kiliingia kwa viumbe waliotutangulia, zamani mno, kikafugika. Leo mkasi wake unakata na kuunga maandishi ya chembe, mwili upate askari wa kukabili kila adui. Kwa mtoto huyu mkasi haukati."

"Mwizi akapewa lindo," mzee alisema.

"Ndiyo hivyo. Na kila mtu ana nakala mbili. Mtoto amepata mbovu zote mbili, moja kwa mama, moja kwa baba. Ile ya baba imetoka kwako. Tumeiona tulipokupima damu."

Mzee alichukua kofia yake, akatoka.

Wiki hiyo mtoto alikuwa anapelekwa nchi nyingine kuwekewa uboho mpya wa kuzalisha askari wa mwili. Mzee aliwahi wodini, akamnong'oneza mkwewe kwenye upenyo wa mlango:

"Mwanangu, nilikosea."

"Nimesikia, baba. Lakini kule sebuleni hukunong'ona."

Benchi la korido lilijaa wagonjwa. Mzee akavua kofia.

"Jamani, nilimsingizia mke wa mwanangu. Mbegu ya ugonjwa huu na kwetu imo. Mimi mwenyewe ninaibeba."

Bibi mmoja akamgusa mwenzake. "Tumefuata dawa, tumepata na baraza."

Mlango ukafunguka. Mkwewe alitoka na barakoa, mtoto kifuani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nendeni salama."

Mzee alijaliwa kusikia kwa simu kwamba uboho umeshika, lakini alifariki kabla ya kuwaona wakirudi. Mara ya mwisho aliwaona wakiingia kwenye lifti, mwanawe na mabegi, mkwewe akimziba mtoto masikio yasipigwe na upepo wa feni.