Mama aliwahurumia wateja wa uyoga wake, nusura tupoteze soko lote la Mchafukoge

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Hii siyo chai, sijatunga. Yametokea kwetu, na mama yangu siku hizi anacheka nikimkumbusha, ingawa wakati ule alilia.

Humu kila mara anatokea mtu anauliza kama kilimo cha uyoga kijijini kinalipa. Mimi nitaeleza nilichokiona tu. Wanaotaka mahesabu watanisamehe, nashinda duka la vitenge Kariakoo na mahesabu nayaacha hukohuko.

Baba alipofariki, mama alibaki peke yake kijijini, ndani ndani huko kutoka Mlandizi. Mimi na dada tunaishi fleti moja Mchafukoge, tukamleta akae nasi.

Alikaa kwenye kochi akiangalia ukuta wa jengo la jirani. Chakula hali vizuri, haongei. Mwisho akaomba arudi kwake.

Dada alikubali kwa shingo upande, tena kwa sharti: apate shughuli ya kumchangamsha kichwa na kumlisha. Ikishindikana anarudi Dar, hakuna mjadala.

Shughuli yenyewe ikawa uyoga. Akina mama wa pale walifundishwa na mtaalamu mmoja aliyepita. Unakata mabua ya mpunga, unayachemsha kwenye pipa, yakipoa unayapakia na mbegu kwenye mifuko ya nailoni, unaining'iniza kwenye banda lenye giza na unyevu.

Mabua kwetu yanachomwa moto bure kila baada ya mavuno. Shamba halihitajiki. Mtu mzima mwenye magoti mabovu anaiweza kazi hii.

Ila msidanganyike. Mbegu tunanunua Dar, zikipigwa joto njiani zimekufa. Mfuko ukiingia ukungu wa kijani ni wa kutupa. Na uyoga ukishachumwa haumngoji mtu, friji kijijini hakuna. Maji yakijaa Jangwani barabara ikafungwa, mzigo unanifikia umelainika, unachuruzika. Nimeshamwaga vikapu huku roho inaniuma.

Halafu kule kule kijijini soko hakuna. Majirani wanajua uyoga ni wa kula siku kitoweo kimekosekana. Nani atoe hela yake kununua shida? Hilo likumbukeni, maana ndiko kisa kilikotokea.

Soko tulilipata kwa Mama Hansa. Ni mama wa Kihindi, mjane, anakaa ghorofa ya chini yetu. Kazaliwa hapahapa na Kiswahili chake kinanishinda mimi. Kwao hawagusi nyama, samaki wala mayai. Wapo wenzao wasiokula hata uyoga, lakini yeye anakula. Akaonja wa mama, akaupenda, akawaambia ndugu zake wa majengo ya jirani.

Ikawa kila Alhamisi kikapu kinakuja na basi, nakipokea, nagawa nyumba hadi nyumba.

Na mama akaanza kuongea tena. Ukimpigia simu anakueleza mfuko upi umetoa vizuri na upi umenuna. Mingine ameipa majina, wakuu. Wa pembeni kabisa anauita Bi Harusi.

Siku moja Mama Hansa akanipa chombo cha stili chenye mfuniko, kimejaa ladu, vile vitamu vya Kihindi vya mviringo, nimpelekee mama. Akasema nimwambie ameupenda mkono wake. Nikakituma.

Watu wa Pwani mnajua, chombo cha watu hakirudi kitupu. Alhamisi iliyofuata kikapu kikaja, chombo kimo katikati ya uyoga, kimefungwa kwa kipande cha kanga. Harufu niliisikia, nikadhani ni buti la basi. Kukifungua sikuthubutu. Zawadi ya mtu mzima kwenda kwa mtu mzima, mimi mpitishaji naifungua kama nani?

Mama Hansa akaifungua pale mlangoni.

Kambale. Mnono, mkavu wa moshi, amekunjwa mkia umefika mdomoni.

Alirudisha mfuniko polepole. Mkwewe aliyekuwa nyuma yake akaziba pua akaingia ndani. Na uyoga nao hunywa harufu, kwa hiyo kikapu kizima kilinuka samaki. Nyumba zote zikaukataa. Ndugu yake mmoja akaniambia nisipite tena kwake, hawezi kujua vyombo vyetu vinagusa nini. Sikumlaumu.

Nikampigia mama, nikamuuliza kambale wa nini.

"Niliwaonea huruma, mwanangu," akasema. "Kila wiki uyoga, kila wiki uyoga. Nikajua hawa hawana kitoweo, wanaona aibu kusema."

Nilicheka. Kisha nikamweleza kwamba ni dini yao. Mama akasema amemchafulia mwenzake jiko, hana uso wa kumuuzia tena, banda analifunga. Nikasikia analia. Dada kupata habari, akaanza kumpangia mama chumba.

Mimi nikaukumbuka ule ukuta wa jirani.

Nikashuka kwa Mama Hansa kuomba radhi. Nikamweleza yote, mpaka hiyo huruma ya mama. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa pembe ya sari, halafu nikaona machozi hayaishi. Akasema tangu mumewe afariki watu wamemletea pole nyingi, lakini hakuna aliyewahi kuwaza kama amekula.

Kambale alishampa mlinzi wa jengo, pamoja na chombo, kwa kuwa kisingeweza kurudi jikoni kwake. Akaingia ndani, akatoka na chombo kingine kikubwa zaidi, kimejaa ladu.

Nikamwambia kwamba mama ameshafunga banda.

"Mimi nimezaliwa mtaa huu," akanijibu. "Banda mama yako anaweza kulifunga. Kukaa na chombo cha watu hawezi. Na kukirudisha kitupu hawezi."

Safari hii sikukituma, nilikipeleka mwenyewe. Mama akakiweka mezani, akakitazama muda mrefu. Akaniuliza Mama Hansa anakula nini hasa, nikamjibu, akauliza tena ahakikishe. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akabeba ndoo, akaenda bandani kumwagilia.

Yule ndugu mmoja hajarudi. Wengine walirudi mmoja mmoja, maana Mama Hansa aliwapitia mwenyewe.

Nilichojifunza: uyoga kuuotesha siyo kazi, kazi ni safari yake na mtu wa mwisho anayeuweka mdomoni. Mtafute huyo kwanza kabla hujajenga banda, umjue anakula nini na hali nini. Na usiusafirishe na kitu chenye harufu, hata kama ni cha upendo.

Kile chumba dada amekigeuza cha kuanikia nguo. Chombo bado kinakwenda na kurudi. Mifuko ikigoma, mama anakijaza ndimu, au mchaichai, na wale wawili hawajawahi kuonana.

Wenye mabanda vijijini, semeni hapa chini mnafikishaje mzigo sokoni ukiwa mzima, nami nijifunze. Na wewe mwenye bakuli la jirani kabatini tangu Idi, lirudishe. Kuna mtu anangoja ujaze chochote.