Redio Ndani ya Sufuria

Nimeipua viazi na kumwaga maji, na mvuke wenye harufu ya udongo wa kwetu Molo umenipiga usoni. Mara niko tena jikoni kwetu, baridi inaingia chini ya mlango na redio ndogo ya betri inacheza ule wimbo.

Gitaa la besi kwenye wimbo huo alilipiga baba. Lakini kwenye santuri waliandika jina la mwimbaji peke yake, na alipoenda kuuliza, aliambiwa besi ni ya kujazia tu.

Jirani aliyekuja kuomba makaa alitega sikio, akacheka. "Sasa mzee, wewe uko wapi hapo?"

Kweli hakusikika. Redio yetu haikuwa na nguvu ya kutoa besi.

Baba aliinuka. Alimimina viazi vyote kwenye sinia, akapangusa sufuria kwa mkono wa sweta, akaiweka redio ndani. Sufuria ikaanza kunguruma. Akachukua kiganja changu, akakibandika ubavuni mwa sufuria.

"Huyo," akasema. "Huyo ndiye mimi."

"Viazi vinapoa," mama akasema, lakini naye akaweka mkono.

Jirani alikuwa ameshaenda na makaa yake.

Siku hizi wimbo naupata kwenye simu, na jina bado ni lile moja. Nimemimina viazi kwenye sahani, nikapangusa sufuria, nikaweka simu ndani. Kiganja changu kinatetemeka pamoja na bati. Viazi vinapoa, na hakuna anayesema.