Siku Alizogawa Mwalimu Ochola

Mwaka wa 1990, katika shule moja ya msingi nyuma ya Kitengela, enzi zile nyumbu bado wakipita karibu na choo cha wavulana, mwalimu mmoja aliamua kwamba Januari mosi ni uongo wa wavivu.

Mambo yalianzia kwenye fomu za mtihani wa darasa la nane. Fomu zilitaka tarehe ya kuzaliwa, na watoto wengi wa wafugaji hawakuwa nayo. Ukimuuliza mzazi, atakwambia mtoto alizaliwa ule mwaka mvua zilipokataa na fahali mwekundu akapigwa na radi. Hilo ni jibu kamili kabisa, ila haliingii kwenye visanduku vya fomu. Kwa hivyo walimu waliandika Januari mosi kwa kila mtoto, wakaenda kunywa chai. Ukivitazama vyeti vya siku zile utadhani wanawake wa wilaya nzima ya Kajiado walikuwa wakijifungua mara moja kwa mwaka, wote kwa pamoja.

Nashon Ochola alikataa. Alikuwa Mjaluo mrefu, mwenye sauti ya kanisani na suruali iliyompungukia kimo. Yeye mwenyewe hakuijua siku yake ya kuzaliwa. Alichojua ni kwamba babake alizikwa miezi miwili kabla yeye hajaja duniani, ndiyo maana akaitwa Ochola, jina ambalo kwao hupewa mtoto anayezaliwa nyumba ikiwa msibani. Mtu wa namna hiyo akimwona mtoto hana siku yake, roho humuuma.

Na siku alikuwa nazo, tele. Tangu chuo cha ualimu alikuwa akijaza daftari nene la jalada jeusi. Humo aliandika mambo makubwa ya dunia, kila jambo chini ya tarehe yake, na kila asubuhi kwenye paredi alilifungua akasoma. Leo ndiyo siku mtu alipokanyaga mwezi. Leo ndiyo siku Ghana ilipojitawala. Watoto waliotembea kilomita sita na tumbo tupu walimsikiliza kana kwamba wanapewa habari za jirani.

Basi akaketi, akagawa. Moses, aliyekuwa na mbio kuliko wote, akapata tarehe sita Aprili, siku michezo ya Olimpiki ilipofufuliwa kule Athens. Seleyian, binti wa mzee Lesiamon, akapata tarehe saba Agosti, uhuru wa Kodivaa. Miaka miwili baadaye ndugu yake mdogo, Saruni, akapata tarehe kumi na moja Septemba, siku Wahabeshi wanapoufungua mwaka wao mpya. Mwalimu aligawa siku za furaha tu. Vita na vifo aliviacha palepale daftarini. Alidhani siku ikishapata jambo lake imejaa, haliingii jingine.

Siku ya mtoto ikifika, ilisomwa mbele ya shule nzima na mtoto akapigiwa makofi. Lakini Agosti shule hufungwa. Seleyian alimfuata mwalimu hadi mlango wa ofisi, mikono kiunoni, naye hakuwa mtoto wa kuogopa mtu.

“Mwalimu, siku yangu inaangukia likizo. Sasa nani atanipigia makofi?”

“Jipigie mwenyewe,” mwalimu akacheka. “Kila mwaka hiyo siku ikifika, fanya kitu moja ya kukumbukwa. Usiiache ipite hivi hivi.”

Seleyian naye akacheka, akaenda zake. Maneno hayo hayakumchukua mwalimu hata nusu dakika.

Mwaka wa 1994, jioni ya tarehe sita Aprili, ndege ya rais ilianguka Kigali na mauaji ya Rwanda yakaanza. Mwalimu alilifungua daftari, akaliona jina la Moses, akalifunga. Moses alikuwa mzima wa afya, anauza viatu sokoni Kitengela. Mwalimu alimwambia mkewe, Elsie, kwamba mambo mengine hukutana tu barabarani, kisha akaomba chakula.

Halafu ikaja Ijumaa ile ya mwaka wa 1998. Shule zilikuwa zimefungwa, na mwalimu alikuwa nyuma ya nyumba akitengeneza kibanda cha kuku, redio ikiwa dirishani. Bomu lilikuwa limelipuka Nairobi kwenye ubalozi wa Amerika. Mtangazaji alisema leo, tarehe saba Agosti, na nyundo ikamtoka mwalimu mkononi kabla hajasikia habari za waliokufa. Alijiambia Nairobi ni kubwa. Alijiambia Seleyian yuko kazini kwenye shamba la maua, anapanga waridi, atafika mjini kufanya nini? Jumapili, kanisani, mchungaji alitangaza kwamba binti wa Lesiamon amepatikana mochari.

Kwenye mazishi mwalimu alisimama nyuma kabisa. Hakuna aliyelitaja jina la marehemu. Sisi tunaosimulia tunalitaja, maana hatukuzaliwa katika boma lile. Lakini kwa Wamaasai wa nyumba ya Lesiamon, wa kanisani na wasio wa kanisani, mtu akifa jina lake hufa naye. Hata aliyeitwa kama yeye hubadilishiwa. Ni heshima, na ni njia ya kumwacha aende. Kwa hivyo mwalimu hakuweza kuuliza neno.

Na swali lake lilikuwa moja tu: Seleyian alikwenda mjini kufanya nini? Kama alitumwa, au alikuwa akimwona daktari, basi Mungu ndiye ajuaye. Lakini kama alikwenda kwa sababu ilikuwa siku yake, kama alikwenda kufanya kitu kimoja cha kukumbukwa, basi aliyemtuma ni mwalimu. Hapo ndipo mawazo yake yalipofika kila mara, yakakwama.

Daftari alilifungia kwenye sanduku la bati. Paredi ikawa ya matangazo na kukagua kucha. Watoto wa miaka iliyofuata aliwaandikia Januari mosi wote, kwa aibu. Hata hivyo jambo lenyewe halikumwacha. Mara nyingine, akiwa ameugeukia ubao, alisikia makofi nyuma yake, makofi ya mtu mmoja. Akigeuka, watoto arobaini wameshika kalamu, wanamtazama. Mwanzoni aliuliza ni nani. Baadaye aliacha kuuliza, akawa anangoja yaishe ndipo aendelee kuandika. Aliogopa, na hakumwambia mtu anaogopa ila Elsie.

“Baba Melvin,” Elsie alimwambia, “hiyo siku si wewe uliumba.”

“Lakini ni mimi nilimpatia.”

Elsie akazima taa, wakalala.

Ikafika Jumanne moja ya mwaka wa 2001. Walimu walikuwa wamebaki ofisini wakisahihisha vitabu, na yapata saa kumi na moja redio ikaanza kusema mambo yasiyoaminika kuhusu ndege na majumba marefu ya New York. Wenzake walisogea karibu na redio. Mwalimu Ochola aliitazama kalenda ukutani. Tarehe kumi na moja Septemba. Akatoka bila koti.

Alikimbia. Mtu wa miaka hamsini na kitu, tai begani, alikatiza mbuga akipita chini ya nyua za waya za watu waliokuwa wameanza kununua ploti, suruali ikichanika. Nyumba ile alikwisha kuichukulia mtoto mmoja. Alikuwa na hakika anakwenda kumkuta wa pili.

Mzee Lesiamon alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya boma, fimbo mapajani, akiwatazama ng'ombe wakirudi.

“Sopa, mzee. Saruni ako wapi?”

“Epa. Mwalimu, unakimbizwa na simba? Kaa chini.”

“Ako wapi?”

Mzee alionyesha kwa midomo. Kwenye zizi la ndama Saruni alikuwa amepiga magoti, anamtia ndama dawa ya macho. Alimwona mwalimu wake wa zamani, akampungia mkono, akaendelea na kazi.

Mwalimu akaketi kwenye vumbi. Akaeleza ya redio, ya ndege na ya moto. Mzee alisikiliza kwa adabu.

“Amerika ni mbali,” akasema.

“Leo ni siku ya Saruni, mzee. Ni mimi nilimwandikia. Na ile ingine pia ni mimi niliandika.”

Mzee hakuuliza ile nyingine ni ipi. Ng'ombe wote waliingia, lango likafungwa kwa miiba. Kisha akainuka, akaingia ndani, akarudi na mkebe wa majani chai.

“Mama yao hajui niko na hizi,” akasema.

Ndani ya mkebe mlikuwa na picha tisa. Nyuma ya nane za kwanza, kwa mwandiko ambao mwalimu alikuwa ameusahihisha miaka mingi, iliandikwa tarehe saba Agosti na mwaka: 1990, 1991, kuendelea. Hizo zilipigwa studio ya Kitengela, mbele ya pazia lile lile la maua. Ya tisa haikuwa na mwandiko nyuma, na pazia lake lilikuwa jingine.

“Ya mwisho Saruni alienda kuchukua kwa studio ya mjini. Risiti ilikuwa kwa mfuko ya dada yake,” mzee akasema. “Aliomba ruhusa kazini akaenda asubuhi. Alitaka hiyo ya mwaka huo ikuwe ya Nairobi.”

Basi mwalimu akalipata jibu lake. Miaka mitatu alikuwa akiliogopa, na lilipokuja lilikuwa vile vile alivyoliogopa.

“Lakini kuna kitu inanisumbua,” mzee akaendelea. “Angalia mikono.”

Mwalimu aliangalia. Katika kila picha, msichana wa gauni la shule, msichana wa shanga, mwanamke wa sketi ya kazini, mikono ilikuwa mbele ya kifua, viganja vimekutana.

“Kila mwaka ni hivyo. Kwani alikuwa anapigia nani makofi?”

Mwalimu angeweza kunyamaza. Maneno yale ya mlangoni mwa ofisi hakuna aliyebaki nayo duniani ila yeye. Angesema sijui, angeaga, na mzee angemsindikiza mpaka langoni. Badala yake aliyasema yote: likizo, swali la mtoto, jibu lake na kicheko chake. Alipomaliza aliinamisha kichwa, akangoja fimbo.

“Kwa hivyo alikuwa anajipigia,” Lesiamon akasema.

“Ndiyo, mzee.”

“Peke yake.”

“Ndiyo.”

Mzee alizirudisha picha mkebeni moja moja.

“Nimekukasirikia, mwalimu. Usifikirie sijakasirika. Lakini nisikize. Miaka tatu hakuna mtu ametaja jina yake hapa. Mimi siwezi. Mama yake hawezi. Na juzi nimeamka nikaona nimeanza kusahau vile inasikika.” Akamtazama. “Wewe si wa hii boma. Mdomo yako haijafungwa. Ita.”

Mwalimu Ochola alisimama, akajifuta vumbi, akaiweka tai sawa. Kisha akaita kama alivyokuwa akiita kwenye rejista.

“Seleyian Lesiamon.”

Akangoja, kwa mazoea, kama mtu anayengojea mtoto aitike. Zizini Saruni alikuwa amesimama wima, uso ameugeuzia upande mwingine. Hakuna aliyeitika.

“Tena,” mzee akasema.

Mwalimu akaita tena. Mzee Lesiamon akailaza fimbo yake chini, akakutanisha viganja, akaanza kupiga makofi.