Kuku Aliyekwenda Kenya Akarudi

Mpaka na Kenya ulipofunguliwa tena, majirani zetu wa Nangara, hapa Babati, walisikia kwamba tunakwenda huko, na wote wakaelewa kitu kimoja: sabuni. Miaka ile tulifulia majani ya mpapai na sukari tuliisikia kwa jina. Mama alieleza mpaka akachoka kwamba tunamfuata mtoto. Mdogo wake alikuwa amefariki Kajiado akaacha binti wa miaka minne, na wazazi wangu walikuwa wameamua awe mtoto wao. Majirani walimpa pole, wakasikitika kweli, kisha wakaagiza sabuni.

Zawadi yetu ilikuwa mbaazi na kuku mmoja mwekundu, kwa ajili ya bibi aliyempangisha mama mdogo chumba na ambaye sasa alikaa na mtoto. Tulisafiri watatu, baba, mama na mimi, juu ya lori la mahindi hadi Arusha, kisha basi hadi mpakani. Kuku nilimpakata mimi. Nilikuwa na miaka tisa na hamu ya nyama. Mwenyeji muungwana huwachinjia wageni, na bibi yule alisifiwa kwa uungwana. Kufika Namanga nilikuwa nimeshagawa vipande kichwani, paja la kwangu.

Kajiado, nyumbani kwa bibi, mtoto tulimkuta nyuma ya mlango. Tangu mazishi alikuwa hasemi na mtu. Mama alimwita, akamwimbia, wapi. Baba akajaribu kumchekesha, mtoto akalia. Bibi hakuzungusha maneno.

"Makaratasi yenu nimeyaona, sina neno. Lakini mtoto hang'olewi kama muhogo. Asipotaka mwenyewe, mtaniachia."

Mama aliitikia kwa heshima, akayakunja makaratasi upya mara mbili. Nilimhurumia sana, huku nikisikiliza kama kisu kinanolewa.

Kilinolewa. Bibi alipomshika kuku, mtoto alichomoka nyuma ya mlango, akamkumbatia kuku kwa mikono miwili na kukaa naye chini. Bibi akarudisha kisu ndani. Tulikula sukuma wiki, nami nilinuna waziwazi.

Siku zilizofuata mtoto alimlisha kuku ugali, na mama alikaa karibu nao akichambua mbaazi, hamwiti tena, hamshiki. Kisha alifanya jambo ambalo kwetu ni aibu: aliomba zawadi aliyokwisha kuitoa. Bibi alicheka, akamrudishia kuku.

Asubuhi ya kuondoka mama alisimama uani, akasema bila kumtazama mtu:

"Kuku huyu kwao Babati. Namrudisha. Sijui nani atanisaidia kumbeba."

Baba alikodolea macho viatu vyake. Mtoto alimtazama mama kwa muda mrefu, kisha akamwinua kuku, mabawa yakimfunika kidevu, akatangulia kwenye lango.

Mpakani abiria wengi walikuwa wamenenepa ghafla kwa vitenge na sabuni walivyoficha mwilini. Askari alipotufikia aliuliza kuku ametoka wapi. Baba akajibu, Babati. Na anakwenda wapi? Babati. Askari alitutazama kwa huruma akatupisha.

Nyumbani majirani walijaa uani. Tulikuwa na miche miwili tu ya sabuni, na mama akaikata kwa uzi, kila nyumba kipande. Hakuna aliyelalamika kwa sababu walikuwa wanacheka: watu wameenda Kenya wakarudi na kuku wao wenyewe. Mama mmoja wa jirani akamwinamia mtoto, akamwuliza kwa utani kuku huyu ni wa nani. Nilitaka kumwambia asijisumbue, maana njia nzima mtoto hakuwa ametoa neno hata moja.

"Wa mama," mtoto akasema, akamwonyesha mama yangu kwa kidole.

Mama alisema anakwenda kutafuta kuni, na kuni zilikuwa pale pale miguuni pake. Nami nikajua kuku yule sitamla maisha yangu yote.