Kichupa cha Jumamosi

Jirani yetu, mstaafu wa maabara hapa Moshi, anafuga matumbawe ya baharini katika tangi la kioo sebuleni. Kila Jumamosi hupima maji yake: hutia matone ya dawa kwenye kichupa, hukitikisa taratibu, hukilinganisha na kadi ya rangi. Njano ni salama; nyekundu, uchafu umezidi. Wiki nne mfululizo aliandika njano, na matumbawe yakazidi kusinyaa. Jumamosi iliyopita nilikuwepo. Alikikodolea macho kichupa, kisha akampa mkewe.

“Mama Zita, unaona rangi gani?”

“Nyekundu, Baba Zita. Nyekundu kabisa.”

Akakata alichokwisha kuandika, akamvutia mkewe kiti.

“Basi kuanzia leo wewe utasoma,” alisema, “mimi nitaandika.”