Mlio wa Lori la Marehemu

Mafundi wa injini ni wengi kama chawa wa bweni, lakini fundi wa turbo, wa kukaa kutwa nzima akihangaika na kidude kimoja tu, mji wote ulikuwa naye mmoja, na watu walimwita Konokono. Jina lilimkaa sawasawa. Turbo yenyewe ina umbo la konokono: chuma kilichojiviringa, ndani yake feni mbili ndogo kwenye shafti moja. Moshi wa injini unaizungusha feni ya huku, na ya kule inaisukumia injini hewa. Halafu mwenyewe alikuwa mzito. Ukimpelekea kazi asubuhi, nenda kale, kalale, ukitaka kaoe kabisa, ndipo urudi. Lakini akisema nzima, ni nzima. Akisema imekufa, kaizike. Nimepita kwenye gereji nyingi kuliko nywele nilizobakiwa nazo kichwani, sijaona wa kumfikia.

Na mdomo alikuwa nao. Ukimletea turbo uliyouziwa sokoni kwa jina la mpya, atakuuliza kama muuzaji alikupa na rambirambi. Mwenye basi mmoja, tajiri wa kutembea na tumbo mbele, alimbembeleza aseme turbo fulani ni nzima ili aiuze. Konokono akamwambia aiweke sebuleni, apande maua.

Siku ninayoisimulia alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mlango wa gereji wazi, mara akaingia shemeji yake, mjane wa kaka yake mkubwa, amekumbatia furushi la shuka kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Konokono hakuuliza ni nini. Marehemu alipozikwa, lori lake liliuzwa kama chuma chakavu. Wanunuzi walipokuja, mjane aliwaachia milango, magurudumu, hata kiti alichokalia mumewe. Turbo tu ndiyo aliyosema haitoki. Akaifunga kwenye shuka, akaiweka uvunguni mwa kitanda, na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Sababu yake kila jirani aliijua. Malori ya wengine yananguruma; lile lilipiga filimbi. Likianza kupanda mlima wa kuingia mtaani, sauti inatangulia, nyembamba, ndefu, ikizidi kupaa kadiri mwenyewe anavyokanyaga mafuta. Shemeji mtu akiisikia alikuwa anainuka katikati ya mazungumzo, anajishika nywele, anawaambia wenzake waende kwao, mwenye nyumba yuko kona ya pili. Wakamtania kwamba ameolewa na filimbi, huyo mwanamume ni tarishi tu. Yeye akicheka, na hakukana. Kisha kifua kikamwangusha mume, akaingia hospitali kwa miguu yake, akatoka amebebwa. Mlima ukabaki na malori ya watu wengine.

Sasa mtoto wao wa kwanza, naye dereva, alikuwa ameegesha nje ya gereji lori la aina ileile ya babake. Turbo yake ilipasuka upande wa moto, kule unakopita moshi, na za aina hiyo hazipatikani tena hata ukizitafuta kwa tochi. Amezunguka maduka yote ya spea, akarudi amenywea. Ndipo akamwomba mama ile ya uvunguni. Mama alikubali bila maneno, na neno lake moja akaja nalo mwenyewe kwa fundi.

"Shemeji, ifunge kama ilivyo," alisema, akiiweka mezani. "Usiibadilishe kitu. Nataka niisikie inapanda tena."

Konokono akajifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena, ingawa ilikuwa safi. Akaanza kazi. Kwenye nyumba ya upande wa moto palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Akaupapasa kwa ukucha, akautikisia kichwa tu, maana chuma kilichokula moto miaka mingi hakikosi mkunjo kama uso wa mtu mzima, na ufa wa namna ile haumwangushi mtu. Feni ya moto haina doa. Akashika ncha ya shafti, akaisukuma pembeni. Ikasogea kidogo, sawa, kwa sababu hapo ndipo oili inapokaa ikiishikilia. Kisha akaivuta na kuisukuma, ndani na nje, mahali ambapo haitakiwi kusogea kabisa. Ikasogea. Akarudia, kama mtu anayejipigia simu mwenyewe akitarajia apokewe na mwingine. Ikasogea tena.

Akaigeuzia feni ya baridi, ile ya hewa, kwenye mwanga wa mlango. Mapanga matatu yalikuwa yamemeguka midomoni, kidogo tu, kama meno ya mtoto aliyeanguka kwenye ngazi. Hayo hayakumshtua. Aliyaona tangu kaka yake yu hai, siku feni ilipomeza kijiwe kwa sababu ya chujio bovu la hewa.

Hukumu ilikuwa imekamilika na hakuna aliyeijua zaidi yake. Mwili unafaa, upande wa moto unafaa, shafti imenyooka. Akiweka beringi mpya, akahamishia hapo feni ya baridi ya ile turbo ya mtoto, ambayo haikuguswa, akaipima isiyumbe, itafanya kazi mpaka lori lichoke. Ikifungwa ilivyo, itapanda mlima mara chache ikipiga filimbi yake, kisha feni itagusa ukuta na kuvunjika, oili ikimbilie ndani ya injini, na injini ya dizeli ikianza kunywa oili yake yenyewe huizimi kwa ufunguo. Inapiga mbio mpaka ipasuke. Na ndani ya lori amekaa mtoto wa kaka.

Alifikiria kumwambia haifai kabisa, arudi nayo kwake akalale nayo. Lakini lori lilikuwa nje, na yeye, mdomo wake wote ule, turbo hajawahi kuisingizia.

"Inafaa, shemeji," alisema. "Nikiitengeneza."

"Na italia?"

Konokono akatazama juu, kwenye bati la paa. "Haitalia. Nzima huwa inanong'ona tu. Ile filimbi ilitoka kwenye haya mapanga." Akamwonyesha.

Shemeji akainama, akayatazama mapanga yaliyomeguka, moja baada ya jingine.

"Kwa hiyo miaka yote ile nilikuwa nafurahia kitu kinachoumwa."

Konokono akaipangusa turbo vumbi ambalo halikuwepo.

"Yeye alijua?"

"Nilimwambia mwenyewe, hapa hapa. Wakati ule shafti ilikuwa bado imetulia, nikamwambia kaka, niachie nikubadilishie feni. Akasema nisiiguse. Alisema akirudi kimyakimya, wewe utadhani ni mume wa mtu anapita."

Shemeji akacheka. Kicheko kilimtoka kikubwa, cha zamani, kisha kikageuka kilio, akajifunika uso kwa lile shuka. Konokono akaanza kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

Aliponyamaza, alimwomba kitu kimoja. Ailize mara moja tu kabla hajaifungua.

Sasa mwelewe huyu mtu. Kupulizia turbo upepo wa kompresa kwa mchezo, kwake ilikuwa dhambi. Alishamfukuza fundi mwenzake gerejini kwa kosa hilo. Lakini alikwenda kuchukua kopo la oili, akaidondoshea kwenye tundu lake tone baada ya tone, akaizungusha kwa kidole mpaka ikalowa, akafungua kompresa, akaelekeza mpira wa upepo.

Feni ikazunguka, ikaongeza kasi, ikalia. Ilikuwa sauti ya mbu ndani ya kopo. Akabadilisha pembe, akasogeza mpira karibu, akaurudisha nyuma. Mbu akapaa, mbu akashuka. Shemeji alikuwa ameinamisha sikio, midomo imefunguka kidogo, kama mtu anayejaribu kumtambua anayebisha hodi. Ilihitajika injini chini yake, na mlima, na mzigo mgongoni, na mguu wa mtu fulani.

"Si yeye," alisema.

"Ngoja nijaribu upande huu."

"Si yeye, shemeji. Zima."

Akazima. Nje, chini ya lori, mtoto akauliza kwa sauti, baba mdogo, inafaa? Ni mama aliyejibu.

"Inafaa. Baba yako mdogo anaifungua."

Akakunja shuka, akaliweka kando, akauliza ashike wapi. Nati ya feni ile hufunguliwa kinyume na nati nyingine, na inamtaka mtu wa pili wa kuzuia shafti isizunguke. Konokono akamwonyesha. Shemeji akashika kwa mikono miwili, naye akaivuta spana taratibu, taratibu hata kuliko kawaida yake, mpaka nati ikaachia.