Bi Kuruthumu na Matrekta ya Buguruni

Kuruthumu binti Sadalla bin Mwinyimkuu, mzaliwa wa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu: huyo ndiye aliyeivua nyumba yake makuti akaiezeka madebe kwa jasho la vitumbua, akawazika wazazi wake kwa heshima, akapika pilau ya maulidi miaka kumi na moja mfululizo na haikuungua hata mara moja. Alikuwa mama yangu mdogo, nami nilikaa chumba cha uani cha nyumba hiyo. Haya sikusimuliwa, niliyaona.

Mumewe, Nassibu, alikuwa mpagazi wa bandarini. Mwaka 1948 akaenda Nachingwea, kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza, na huko wakamfundisha kuendesha trekta. Barua aliyoleta ilikuwa moja tu. Niliisoma mimi, nikairudia mpaka karatasi ikachanika kwenye mikunjo: "Kuruthumu, alfajiri nikiliwasha linanguruma mpaka kifua changu kinatetemeka. Laiti nawe ungelisikia."

Basi. Mashamba yakafungwa, watu wakarudi, Nassibu hakurudi. Wapo waliosema kavuka Ruvuma, wapo waliosema kaoa Lindi. Mama mdogo akikutana na msafiri wa kusini pale sokoni, humwuliza kwanza:

"Trekta linalia vipi?"

"Linalia kama trekta, bibi."

Hapo ndipo humwuliza habari za Nassibu.

Mwaka 1954 alinunua kishamba Buguruni kwa Mzee Mwinyimvua, apate nazi za vitumbua vyake. Kwetu pwani ardhi huuzwa mbali na kilicho juu yake huuzwa mbali, usichokitaja hujakinunua. Mama mdogo alilijua hilo tangu utoto. Mbele ya mashahidi alitaja minazi kumi na minne, kisima, banda, hata mkorosho mmoja mgonjwa. Lakini nyuma ya banda nyasi zilikuwa zimepita kichwa cha mtu, naye hakwenda kutazama.

Siku ya kufyeka tukayakuta matrekta mawili, yamekaa kimya ndani ya majani, kuku wa jirani wametaga juu ya kiti cha moja. Mama mdogo akafuta vumbi kwa ncha ya kanga.

"Ndiyo haya?"

"Ndiyo haya, mama."

"Kumbe makubwa hivi."

Wiki haikuisha, akaja mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka mtaa wa Gerezani, na nyundo yake, anagonga huku na huku. "Nitayakatakata hapahapa, bibi, usipate taabu."

"Anza na kichwa chako," akajibiwa.

Ndipo akafika Mzee Mwinyimvua, mkongojo mkononi.

"Kuruthumu mwanangu, nilikuuzia nini?"

"Ardhi, mzee. Na minazi, na kisima, na banda."

"Na mkorosho."

"Na mkorosho."

"Matrekta uliyataja?"

Mama mdogo akainama. Mzee akaeleza kwamba matrekta hayo aliachiwa na Mgiriki mmoja aliyepanga pale, badala ya kodi. Mgiriki mwenyewe aliyanunua mnadani, mashamba ya karanga yalipofungwa. Na walikwisha kupatana, Ijumaa ile mtu wa Gerezani angekuja kuyakata.

"Sikuyataja. Ni yako," akasema mama mdogo. Nikamfinya, hakujali. "Ila nakuomba, mzee wangu. Bei yote chukua wewe. Mimi niachie kumchagua mnunuzi."

Mzee akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Biashara ya namna hiyo umefundishwa na nani?"

"Na mtu aliye mbali."

Mzee akaacha kucheka. "Haya. Nakupa mwezi mmoja. Ukishindwa, Gerezani wanakata."

Kariakoo yote ikapata la kusema. Wanunuzi wa vitumbua wakawa wanamtania: "Bi Kuruthumu, posa imekuja?"

"Imekuja, lakini bwana harusi hajui kuwasha."

Maana kila aliyekuja aliulizwa neno moja: "Utaliwasha hapahapa, nami nimesimama?" Wakatazama kutu, wakaaga. Siku zikabaki nne.

Ya nne kutoka mwisho akaja Elisaria, Mchaga aliyeuza vitunguu kwa jumla pale sokoni. Alitaka trekta la kulima mahindi kwao, tambarare za chini ya Mlima. Akavua koti, akaingia uvunguni, akatoka mweusi.

"Mama, moja litakufa ili lingine lipone."

"Lipone lolote, baba. Mradi nilisikie."

Siku tatu yeye na fundi wake walitoa huku wakatia kule. Siku ya mwisho wakatia petroli kidogo ya kuwashia, na mafuta ya taa ya kuendea. Elisaria akazungusha hendeli, kile chuma cha kuwashia, ikamrudi nusura imvunje mkono. Akazungusha tena. Mara ya tano likakohoa, likatema moshi, likanguruma. Kunguru wakahama minazi.

Mama mdogo akasogea, akaweka kiganja kimoja juu ya boneti na kingine kifuani pake. Elisaria alitaka kulizima asipoteze mafuta. Nikamfanyia ishara aliache. Likanguruma mpaka mafuta yakaisha, likazimika lenyewe.

"Hakunidanganya," akasema mama mdogo.

Mzee Mwinyimvua akapokea bei yake, Elisaria akapakia vyuma vyote kwenye lori la kwenda kwao. Hendeli zilikuwa mbili, na trekta zima lilikuwa moja, basi ya pili akamwachia mama mdogo.

Jioni ile, uani Mtaa wa Sikukuu, mama mdogo aliipaka hendeli ile mafuta ya nazi, akaifunga kwenye kanga yake ya harusi, akaniwekea mapajani.

"Hii iko kwako. Kila Mfungo Sita, ukimaliza kuosha vyungu vya maulidi, uipake mafuta isiliwe na kutu. Nassibu akija nami sipo, usimwulize alikuwa wapi. Mpe maji anywe kwanza. Kisha mtie hii mkononi, umwambie nimelisikia."